Orodha ya Vyuo Ianze na Chuo cha Mwisho

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, watu wa mtaani kwetu Makambako huanza kunitumia majina ya vyuo kwenye simu. Mwaka 2023 nilisimamia maombi ya mdogo wangu wa kike tangu matokeo hadi alipopanda basi kwenda kuripoti, na tangu hapo nimegeuzwa mtaalamu. Kazi yangu ni kuuza vipuri vya pikipiki. Ila kuna swali moja ambalo siku hizi namuuliza kila anayeniletea orodha, na naanzia kwenye jina lililoandikwa chini kabisa: hiki kikikuita peke yake, utakwenda? Wengi hucheka. "Hicho nimekiweka tu, kaka." Basi kifute, namwambia, kwa sababu hicho ulichokiweka tu ndicho kinachoweza kukuita.

Swali hilo sikulipata kitabuni. Nilifika hapo baada ya nyumba nzima kununiana.

Mdogo wangu alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Alipomaliza mtihani alipangiwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kambi ya Msange huko Tabora, na kambini simu haziruhusiwi. Matokeo yalipotoka Julai, yeye alikuwa akikimbia mchakamchaka na sisi ndio tulioyaona kwanza: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Daraja la pili, pointi 11. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Mkanganyiko ulianza siku hiyohiyo. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wakihesabu daraja, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye bora. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanahesabu kinyume kwa ajili ya udahili: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na mwenye nyingi ndiye bora. Kwa hesabu ya TCU mdogo wangu alikuwa na pointi 7. Mjomba aliposoma kwenye mwongozo kwamba kima cha chini cha kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo makuu mawili wenye jumla ya pointi 4, akapiga simu kutoka Dar es Salaam: "Huyu ana kumi na moja, anaingia popote!" Ilituchukua muda kumwelewesha, na sina hakika kama hadi leo ameelewa.

Basi kila mtu akatoa chuo chake. Mjomba alitaka UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ni UDSM. Mama alitaka popote penye udaktari. Shangazi wa Mwanza alitaka mtoto aje karibu naye. Rafiki zake wa shule, ambao hawakuchaguliwa JKT na simu walikuwa nazo, walinitumia majina ya vyuo wanavyoomba wao ili wawe pamoja. Mzee wa kanisa alileta kipeperushi cha chuo binafsi chenye picha ya jengo la vioo. Nikayaandika yote kwenye daftari la dukani, nyuma ya orodha ya wadaiwa. Yalizidi ishirini.

Lazima nieleze kwa nini orodha ndefu ni tatizo, maana watu huniambia, si uombe vyote tu? Mfumo wa zamani wa kuomba mara moja kupitia TCU ulikwisha mwaka 2017. Sasa unaomba kwa kila chuo kivyake, kwenye mfumo wake, kwa akaunti yake, na vyuo vingi hutoza ada ya maombi isiyorudi. Sisi tulikuwa tunakutana na shilingi 10,000 kwa chuo. Zidisha kwa ishirini. Halafu ndani ya kila chuo unachagua kozi kadhaa kwa kuzipanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukiwa na vyuo ishirini, utazipanga kozi sitini bila kuijua hata moja vizuri. Na hapo bado hujaigusa Bodi ya Mikopo, ambayo ina maombi yake, ada yake ya 30,000, na makaratasi yake.

Kwa hiyo nikaanza kukata.

Kisu cha kwanza kilikuwa mwongozo wa udahili wa TCU. Hutolewa kila mwaka na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Uko kwa Kiingereza, ni mrefu, na wanaoomba kwa kidato cha sita wana wao, wenye stashahada wana wao. Usiusome wote. Tafuta chuo, tazama kozi, kisha soma mambo matatu: masharti ya kuingia, miaka ya kusoma, na idadi ya nafasi. Watu wengi huishia kwenye masharti. Mimi nilikaa sana kwenye ile safu ya nafasi, kwa sababu masharti yanakwambia nani anaruhusiwa kupanga foleni, na nafasi zinakwambia foleni itaishia wapi. Kozi yenye nafasi chache kwenye chuo kinachotamaniwa na nchi nzima haimchukui mwenye kima cha chini hata kama imeandikwa kwamba anaruhusiwa. Kwa njia hiyo tu yalitoka majina kadhaa, yakiwemo ya vyuo ambavyo kozi tulizozitaka havikuwa navyo kabisa. Chuo cha rafiki zake kimoja kilikuwa cha biashara tupu.

Udaktari ndio uliotuumiza. Kwa karatasi, alama zake zilikuwa zinagusa kima cha chini cha baadhi ya vyuo. Kwa ushindani wa vyuo vya umma, wenye A na B tatu walikuwa wamejaa mbele yake. Kilichobaki kilikuwa vyuo binafsi, na kile cha kipeperushi kilitaka zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mwaka kwa ada peke yake. Udaktari ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Nilimkalisha mama na kalamu. Milioni tano mara tano ni ishirini na tano, hujala, hujalala, hujanunua koti jeupe. Mama analima parachichi. Zipo ekari, lakini fedha ya parachichi inakuja kwa msimu na bei anaipanga mnunuzi. Mama akasema tutauza shamba la bondeni. Nikamwambia, mama, tukiuza shamba la bondeni mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu tutauza nini?

Hakunijibu. Alikaa siku kadhaa akinisalimia kwa kichwa tu. Baadaye nilisikia amemwambia shangazi kwamba namwonea mdogo wangu wivu kwa kuwa mimi niliishia kidato cha nne. Liliniuma, na sikulijibu, kwa sababu mtu anayekata ndoto ya mzazi asitegemee kushukuriwa wiki hiyohiyo.

Wapo waliosema mkopo utalipa. Hapa naomba mzazi asome taratibu. Mkopo wa elimu ya juu ni mafungu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Bodi hupima uhitaji wa familia, na mwanafunzi anaweza kupewa fungu moja likiwa zima na jingine likiwa nusu, au asipate kabisa. Fungu la ada lina kikomo chake, halifuati bei aliyopanga mwenye chuo. Fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi wanaliita bumu, tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepewa lote; kabla ya hapo lilikuwa 8,500. Kumpeleka mtoto chuo cha milioni tano kwa kutegemea mkopo ambao bado hujapangiwa ni kucheza kamari na miaka yake, maana anayerudishwa nyumbani katikati ya mwaka wa pili kwa kukosa ada hana shahada na pia hana hizo fedha.

Tulikubaliana kitu kimoja ili nyumba ipate amani: udaktari ubaki sehemu moja tu, kwenye chuo cha umma, uwe wa kwanza kwenye orodha ya chuo hicho, na chini yake ziwekwe kozi anazoweza kuzipata. Vingine vyote vya udaktari vikafutwa. Mama aliridhika kwa sababu jina limebaki. Mimi niliridhika kwa sababu ilikuwa kazi ya elfu kumi tu.

Kisu cha pili kilikuwa gharama ya kuishi, na hapa jina la chuo hudanganya kuliko popote. Mjomba akisema UDSM alikuwa anawaza Mlimani, kampasi kuu iliyoko Dar es Salaam. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vyuo vishiriki, na kimoja ni Mkwawa, kiko Iringa, saa chache tu kwa basi kutoka kwetu. Sayansi ya afya wanayo Mbeya. Vilevile kinyume chake: mtu anaomba SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akiwaza Morogoro, kumbe kozi aliyoichagua iko kampasi ya Mizengo Pinda, Katavi. Soma kampasi, usisome jina tu.

Nilimpigia simu kijana wa mtaani aliyekuwa mwaka wa pili Dar es Salaam nikamwomba anitajie fedha zake za mwezi bila aibu. Hakupata hosteli. Chumba alichopanga mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na siku ya kuripoti bumu lilikuwa bado. Mwezi wa kwanza alibebwa, yaani alilala kitanda kimoja na mwenzake kwenye hosteli kinyume cha utaratibu. Akanikumbusha pia michango ambayo haitajwi watu wakisema ada: bima ya afya ya mwanafunzi 50,400, ada ya TCU ya udhibiti ubora 20,000, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari. Moja moja ni ndogo. Zikikutana dirishani siku ya usajili ni mbuzi wawili.

Kwa hiyo kwa kila chuo kilichobaki niliandika mstari mmoja: ada, michango, malazi, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, na kiasi tutakachohitaji mfukoni siku ya kwanza hata kama mkopo utakuja baadaye. Hiki cha mwisho ndicho kilichokata zaidi. Familia inaweza kumudu mwaka mzima kwa kuungaunga, lakini ishindwe kuwa na laki tisa taslimu mwezi wa kumi, wakati mbolea inanunuliwa. Vyuo vya Dar es Salaam vikatoka, wala si kwa ubaya wake. Mwanza nayo ikatoka, na shangazi akanuna kidogo, ingawa alikuwa tayari kumlaza bure. Nilimweleza kwamba nyumba yake na kile chuo viko pande mbili za jiji na daladala ni mbili kwenda, mbili kurudi.

Kisu cha tatu ni kwamba nilikwenda kuuliza watu kazini, si chuoni. Nilimwuliza muuguzi wa kituo cha afya, nikamwuliza mwalimu wa Kemia aliyemfundisha, nikamwuliza afisa lishe wa halmashauri ambaye hununua tairi kwangu. Kila mmoja nilimwuliza mambo yaleyale: ulisoma kozi gani hasa, uliomba kazi kwa jina gani, bodi gani inakusajili. Wauguzi wana Baraza la Uuguzi na Ukunga, madaktari wana Baraza lao, wahandisi wana bodi yao. Kozi ikiwa na jina zuri lakini watu wa fani hiyo hawaitambui, tahadhari. Ni huyo afisa lishe aliyenifungua macho kuhusu shahada ya lishe ya SUA, ya miaka mitatu. Hakuna aliyeitaja nyumbani. Mwenye PCB kwa kawaida huwazishwa udaktari, na akishindwa huwazishwa ualimu, kama vile katikati hakuna kitu.

Orodha ikabaki na vyuo saba hivi. Hapo ndipo nilipohitaji sauti ya mwenyewe, maana mpaka wakati huo tulikuwa tunaamua maisha ya mtu asiyekuwepo.

Jumapili afande alimpa simu kwa dakika chache.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sikiliza, nakusomea vyuo na kozi kuanzia chini kwenda juu. Usiniambie unachopenda. Niambie tu, hiki kikikuita peke yake, vingine vyote vikikataa, unapanda basi au hupandi?"

Cha mwisho kilikuwa kozi ya mazingira kwenye chuo fulani ambacho nilikiweka kwa usalama. Akasema hapandi. Nikasoma kinachofuata. Hapandi. Cha tatu kutoka chini kilikuwa ualimu wa Baiolojia na Kemia, Mkwawa. Kimya kidogo, halafu: "Nitapanda, kaka. Sitafurahi siku ya kwanza, ila nitapanda." Lishe, Morogoro? "Napanda." Uuguzi, Dodoma? "Napanda, mbona hiyo umeiweka huko?" Akaniambia niisogeze juu ya kozi mbili nyingine. Simu ikakatika kabla hatujafika kileleni, na haikuwa na shida. Juu kila mtu anajua anachotaka.

Jambo hili nimelifikiria sana tangu siku ile. Watu huanza orodha na ndoto, wanashuka kwa huzuni, na wanapofika chini wamechoka, wanajaza chochote. Kumbe kwa mtu mwenye alama za katikati, na wengi ndio hao, chini ndiko anakoelekea kuishi miaka mitatu au minne. Ukianza huko, ukakipata chuo na kozi moja unayoimudu kwa alama, unayoimudu kwa fedha na unayokubali kuisoma, basi vyote utakavyoweka juu yake ni nyongeza, na unaweza kuviweka kwa ujasiri. Usipokipata hicho kimoja, hata vyuo thelathini havikusaidii. Mdogo wangu alikuwa na vitatu vya aina hiyo. Tukaomba vinne, pamoja na kile cha udaktari.

Kujaza maombi ni kazi ya mchana mmoja, ila kuna mtego. Mitaani watu huombewa steshenari. Kijana wa steshenari ana haraka, anafungua akaunti kwa barua pepe yake, nywila anayoijua yeye, wakati mwingine hata namba ya simu yake. Mtoto wa jirani yetu alichaguliwa vyuo viwili mwaka uleule na akashindwa kuthibitisha kwa wakati, kwa sababu ujumbe ulikwenda kwa kijana aliyekuwa amehamia Songea. Kama huna kompyuta, nenda steshenari, lakini keti pembeni: barua pepe iwe ya mwombaji, namba iwe ya mtu atakayekuwa na mtandao Agosti na Septemba. Kwa kuwa wangu alikuwa kambini, tuliweka yangu. Nywila niliiandika nyuma ya daftari lile la wadaiwa, na kila risiti ya malipo nikaipiga picha.

Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, udaktari haukumchagua. Mama alilia. Mimi sikujua la kusema nikaenda kufungua duka. Lakini vyuo viwili vilimchagua, SUA kwa lishe na Mkwawa kwa ualimu, na hapo ndipo linapokuja suala la kuthibitisha: aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hupata namba maalumu kwa ujumbe, anaingia kwenye mfumo wa chuo anachokitaka na kuithibitisha ndani ya siku zilizowekwa. Usipothibitisha, umepoteza nafasi zote mbili ukiwa umeshikilia zote mbili. Wakati huo alikuwa amerudi kutoka Tabora, mweusi na mwembamba, sauti imekauka. Alichagua lishe. Aliniambia kilichomvuta ni kwamba afisa lishe wetu ana pikipiki ya serikali, na sijui kama alikuwa anatania.

Mkopo haukuja kwenye orodha ya kwanza ya Bodi. Alikwenda Morogoro na fedha ya mama ya parachichi pamoja na za kwangu nilizokuwa nimepanga kuongezea mzigo wa matairi; duka lilikaa na rafu tupu hadi Desemba. Jina lilitoka kwenye awamu iliyofuata: chakula na malazi lote, ada sehemu tu. Tofauti ya ada tunailipa sisi kila mwaka, na kwa kuwa tuliiandika kwenye ule mstari tangu mwanzo, haijawahi kutushtua.

Kama mwanao yuko kidato cha sita sasa hivi, kuna jambo la kufanya kabla hata hujagusa vyuo. Toa cheti chake cha kuzaliwa na ulinganishe herufi kwa herufi na majina yaliyo kwenye matokeo yake ya kidato cha nne. Kisha ukihakiki RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mapema, kwa sababu Bodi hawapokei kisichohakikiwa na foleni ya Agosti ni ndefu. Cha mdogo wangu kilikuwa na jina la babu lenye herufi moja zaidi. Kurekebisha kulitugharimu kiapo, safari za Njombe, na mama kuacha kuchuma parachichi katikati ya msimu.